Nilichora chupa mbele ya geti la shule. Sasa naomba sheria ya matangazo ya pombe

Fundi Burashi (Katuba, Lubumbashi, Kongo)

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Uzi wangu ni mrefu, mnivumilie, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu mvua zianze.

Mimi ni fundi wa rangi. Miaka 19 nimeandika majina ya maduka, saluni na makanisa, na kuliko vyote nimechora bia. Ukipita mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), Katuba mpaka Ruashi, ukaona nganda, yaani baa, iliyopakwa rangi za bia fulani kutoka msingi hadi bati, na chupa ndefu kuliko mtu inatoka jasho la baridi ukutani, huenda ni mkono wangu. Yale matone ndiyo kazi yenyewe. Unaweka duara dogo la nyeupe, chini yake kivuli cha kijivu, juu yake nukta moja ya nyeupe kali, na mtu anayetembea kwenye jua la Oktoba anasikia koo limekauka kabla hajasoma jina. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema: usichore bia, chora kiu.

Kwa wasioujua mpango wenyewe: mwakilishi wa kampuni anapita kwa mwenye nganda. Rangi ni yao, fundi wanamlipa wao, viti vya plastiki na parasoli wanaleta wao, frigo wanaazimisha. Mwenye nganda hatoi hata franka. Anachotoa ni ukuta. Ukuta ukishapakwa unakaa miaka mitatu, minne, na hakuna anayeulipia tena. Redio ukiizima inanyamaza. Ukuta huna pa kuuzimia, na kila asubuhi watoto wote wa mtaa wanapita mbele yake wakienda shule.

Mwaka 2010 Mazembe, timu yetu ya mpira, walipofika fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Abu Dhabi wakacheza na Inter, tulifanya kazi hadi usiku kwa taa za pikipiki. Kila ukuta ulitaka mpira pembeni ya chupa. Kwa pesa za mwaka ule nilimalizia vyumba viwili vya nyumba yangu. Ilikuwa kazi ya halali, na imesomesha watoto.

Kilichonigeuza ni karatasi moja. Binti yangu mdogo ana miaka 8. Mwalimu aliwaambia wachore sikukuu. Akachora mama yake, mimi, meza, kuku, sahani ya bukari (ugali), na katikati ya meza chupa ya bia. Ilikuwa na lebo. Ilikuwa na matone, kila tone na kivuli chake chini. Jina lake mwenyewe binti huyu bado analiandika na herufi mbili zimegeuka. La bia hakukosea hata herufi moja. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akanishika mkono akanipeleka hadi geti la shule yao, akanionyesha ng'ambo ya barabara. Ukuta ule niliuchora mimi.

Mwalimu akaniambia si yeye peke yake, akanifungulia rundo la karatasi za darasa zima. Sikuhesabu. Niliona chupa zangu mpaka nikaomba aifunge ile bahasha.

Mpwa wangu akanitafutia habari za nchi zilizoshughulikia jambo hili, akanisomea sheria ya Ufaransa inayoitwa sheria ya Évin, kwa jina la Claude Évin aliyekuwa waziri wa afya. Ilitoka tarehe 10 Januari 1991. Nilikaa kimya nikisikiliza, maana ni kama iliandikwa na mtu wa kazi yangu. Haikufunga pombe, Wafaransa wanakunywa divai yao mpaka leo. Ilifunga ile kiu ya kuchora. Televisheni hakuna, sinema hakuna, kudhamini michezo hakuna. Palipobaki ruhusa, tangazo linataja jina la kinywaji, nguvu yake, kilikotoka, kilivyotengenezwa, kinavyonywewa, na lazima liwe na onyo kwamba kuzidisha pombe ni hatari kwa afya. Msichana anayecheka, mchezaji anayeruka, kijana anayeshuka kwenye gari jipya, hao wote nje. Kombe la Dunia la 1998 lilichezwa kwao, na kampuni ya bia iliyokuwa mdhamini haikuweka mabango yake viwanjani. Mpira ulichezwa, na kombe walilichukua wao.

Ila sheria tutakayoiomba sisi iwe na macho ya mtu aliyeshika burashi. Ukifunga jina, watatumia rangi. Kombe la raga la Ulaya liliitwa Heineken Cup, lakini likiingia Ufaransa liliitwa H Cup, na kila mtazamaji alijua ile H ni ya nani. Baadaye, katika Mashindano ya Mataifa Sita ya raga, Guinness, nao ni watu wa bia, waliandika Greatness kwenye viwanja vya Ufaransa kwa rangi na herufi zao zilezile. Hapa kwetu nikipaka ukuta rangi mbili tu bila neno lolote, mtoto wa Katuba atakutajia bia.

Ninachoomba ni hiki. Chupa ya mtu mzima isiguswe. Anayetaka kunywa anywe, mama wa nganda auze. Lakini pasiwe na chupa, jina wala rangi za bia kwenye ukuta unaotazama shule, kanisa au hospitali. Redio na televisheni zisipige matangazo ya pombe saa ambazo watoto wako macho. Jezi za vijana na matamasha wanakoingia watoto visiwe na jina la pombe. Na pale tangazo linaporuhusiwa, liseme kilichomo ndani ya chupa, lisiseme kwamba ukinywa utakuwa mwanamume, utapendwa au utafaulu.

Nilikwenda kwa mwenye nganda ile ya mbele ya shule, nikamwambia nitaufuta ukuta bure, kwa rangi yangu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akakataa. Alisema akifuta yeye, jirani hatafuta, na viti vitahamia kwa jirani. Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nasema sheria, si hisani ya mtu mmoja mmoja.

Naomba mawazo yenu, hasa ya wanaonipinga.

Mama Nganda (Kenya, Lubumbashi)

Fundi, jambo yako. Mi niko na nganda huku Kenya tangu bwana alikufa, njo inalisha batoto bane. Ile viti banatuletea, ile frigo banatuletea. Ukisema bafunge matangazo, kesho bataleta kamyo bakamate frigo yabo. Nani atanipatia ingine? Bantu banakuja kwangu kwa sababu pombe iko baridi, haiko kwa sababu ya ukuta.

Na ingine nakuuliza. Mutoto wako aliona chupa ku ukuta, sawa. Na ku nyumba hakuona? Mu matanga, mu ndoa, mu komunyo, ni shiye bakubwa tunatuma batoto na kasie ya chupa ku depo ya bia. Sheria ya Kinshasa itafunga na ile?

Fundi Burashi

Mama, nakuheshimu, na swali lako ni la kweli.

Kuhusu frigo: wanaazimisha kwa sababu bia ya moto hainunuliwi. Hata ukuta wako ukiwa mweupe, bado wanataka bia yao iwe baridi. Wewe mwenyewe umesema watu wanafuata baridi. Basi frigo itabaki, kwa faida yao kuliko yako. Viti sijui, hilo linanisumbua, na sitakudanganya kwamba hakuna atakayepoteza kitu.

Kuhusu kutuma watoto depo: nimewatuma wangu. Jumapili iliyopita kabla ya karatasi ile nilimtuma mkubwa, ana miaka 12, akarudi na chupa sita. Sasa naenda mwenyewe.

Muuguzi wa Zamu (Lubumbashi)

Nafanya kazi chumba cha dharura. Usiku wa Jumamosi na Jumapili huwa tunajua watakaoletwa kabla hawajaletwa: pikipiki, chupa iliyovunjwa, mke aliyepigwa. Sitaki kuyaeleza zaidi, wengi wenu mmeyaona mtaani kwenu.

Nataka niseme la kitabibu, maana kwenye uzi huu hakuna aliyeligusa. Watu wanajua ini. Hawajui saratani. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka pombe kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, tangu mwaka 1988. Ni kundi lilelile la tumbaku. Mwili ukivunja pombe unatengeneza asetaldehaidi, na hiyo inaharibu chembe za urithi ndani ya seli. Inagusa mdomo, koo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Bia, divai, wiski, lutuku (gongo yetu ya hapa), ni pombe ileile. Ini haliulizi lebo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019, na viwango vya juu zaidi kwa idadi ya watu viko Ulaya na Afrika.

Halafu kuna hili la wajawazito. Kila wiki nakutana na mama aliyeambiwa na shangazi au jirani kwamba bia nyeusi inaongeza damu na kuleta maziwa. Nimejiuliza neno hili limetoka wapi. Sehemu yake imetoka kwenye tangazo. Uingereza, mwaka 1929, Guinness walianza kampeni yao ya kwanza ya matangazo kwa maneno kwamba bia yao inakufaa. Tangazo la hivyo leo haliruhusiwi kwao. Lakini maneno yalishavuka bahari, na hapa Lubumbashi, karibu miaka 100 baadaye, mwanamke mwenye mimba ya miezi sita ananiambia anakunywa kwa ajili ya damu. Mtoto anayenyweshwa pombe tumboni anaweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa maisha yake yote. Daktari wa Nantes, Ufaransa, aliyaandika hayo mwaka 1968, na wa Marekani mwaka 1973. Hakuna kiasi tunachoweza kumwambia mjamzito kwamba hiki ni salama.

Fundi, ukuta wako unakaa miaka minne. Neno moja la tangazo linaweza kukaa vizazi vinne.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mambo matatu yenye gharama ndogo na matokeo makubwa: kupandisha kodi ya pombe, kupunguza saa na mahali pa kuuzia, na kufunga au kubana matangazo. Tafiti zilizofuatilia vijana kwa miaka zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaokutana na matangazo mengi huanza kunywa mapema na hunywa zaidi. Ubongo wa kijana bado unajengwa mpaka anakaribia miaka 25. Kwa hiyo umri wa kuanza si jambo dogo.

Mtoto wa Kivu (Goma)

Nimesoma yote. Poleni na kazi, hasa muuguzi. Lakini mimi niko Goma, na huku kinachoua vijana ni kanyanga, gongo ya kwetu, na vile vichupa vidogo vya plastiki vya pombe kali. Kanyanga haina bango, haina jezi, haina mwimbaji. Inauzwa kwenye kidumu cha njano nyuma ya nyumba. Mukifunga matangazo ya bia, kijana si atakimbilia kanyanga? Tena sheria ya Kinshasa kwetu kwa sasa ni neno la mbali. Benki zilifungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Nani atakuja kupima umbali kati ya bango na shule?

Muuguzi wa Zamu

Ndugu wa Goma, kuhusu kanyanga uko sahihi, nasi tuna lutuku. Sheria ya matangazo haitaigusa, na anayeahidi kwamba itaigusa anawadanganya watu. Hiyo inataka dawa nyingine.

Vichupa vya plastiki ni jambo tofauti. Vinauzwa kwa bei ya pipi, na lebo yake ndiyo bango lake: simba, misuli, moto, majina ya nguvu. Kijana anatembea na tangazo mfukoni. Majirani wamelishughulikia. Nchi ya Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2010, walikataza pombe kwenye pakiti na vifungashio vilivyo chini ya mililita 250. Tanzania ilifunga viroba, pombe ya pakiti, tarehe 1 Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Kwa hiyo kwenye ombi la fundi mimi ningeongeza lebo na ukubwa wa chupa.

Mtoto wa Kivu

Hapo nimekubali. Vichupa hivyo mdogo wangu anavikusanya, anavipanga dirishani. Vitupu, anasema. Ana miaka 14.

Mwanasheria Mtarajiwa (Kasapa)

Niko mwaka wa mwisho wa sheria hapa chuo kikuu. Naomba nionyeshe njia, maana uzi unazungumza kuhusu "sheria" kama vile inashuka kutoka mbinguni.

Kwanza, msingi upo. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema mamlaka za umma zina wajibu wa kulinda vijana dhidi ya kila kinachodhuru afya yao, elimu yao na makuzi yao kamili. Ni wajibu, si ombi. Kifungu cha 41 kinasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikia miaka 18. Sheria ya kumlinda mtoto tunayo, namba 09/001. Chombo cha kusimamia redio na televisheni tunacho, CSAC, kilichowekwa na sheria namba 11/001. Angalieni tarehe: sheria ya mtoto ni ya 10 Januari 2009, ya CSAC ni 10 Januari 2011, na ile ya Évin ni 10 Januari 1991. Ni sadfa tu, lakini nilipoiona nilitabasamu.

Kwenye tumbaku nchi yetu tayari ni mwanachama wa mkataba wa Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na mkataba ule una kifungu kizima cha kufunga matangazo. Pombe haina mkataba wa namna hiyo. Kila nchi inahangaika peke yake.

Njia: kwa kifungu cha 130, muswada wa taifa unaweza kuletwa na serikali, mbunge au seneta. Jimbo nalo linatunga sheria zake kupitia Bunge la jimbo. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au na wenzake, na hakuna anayeruhusiwa kumsumbua kwa sababu hiyo. Fundi, hiki cha 27 ndicho chako.

Sasa onyo. Afrika Kusini baraza la mawaziri liliruhusu muswada wa kubana matangazo ya pombe utolewe kwa maoni ya wananchi mwaka 2013, waziri wa afya Aaron Motsoaledi akiusukuma. Haukupita. Na hata Ufaransa sheria ilipopita, ilimegwa vipande: mwaka 1994 mabango ya barabarani yakarudishwa mahali pengi, 2009 intaneti ikafunguliwa, 2016 maana ya neno "tangazo" ikalegezwa. Nchi ya Kenya serikali ilitoa sera Julai 2025 ikipendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 hadi 21 na watu mashuhuri wasitumike kuitangaza. Kelele zikaanza. Tusidhani kazi inaisha muswada ukipita.

Mzee wa Kambi (Lubumbashi)

Watoto wangu, nimezaliwa mji huu ukiitwa bado Élisabethville. Wakati wa Wabelgiji mtu mweusi alikatazwa pombe kali. Mzungu alikunywa kwake, wewe ukikamatwa na lutuku unafungwa. Mama yangu alikuwa akizika madumu chini ya mihogo, na askari walikuwa wakichoma ardhi kwa vyuma kuyatafuta. Wakayapata, naye akalala ndani siku tisa. Mimi nilikuwa mdogo, nikapelekwa kwa shangazi. Kwa hiyo nikisikia neno "kukataza pombe" moyo wangu unashtuka. Kila mara wanaanza na mnyonge.

Fundi Burashi

Baba, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili, nikamsomea na mke wangu.

Sheria ninayoiomba haimtafuti mama mwenye dumu. Haimtafuti mnywaji wala haiingii nyumbani kwa mtu. Inamtafuta mwenye kiwanda na mwenye studio ya matangazo, watu ambao hawajawahi kulala ndani hata siku moja kwa ajili ya pombe. Mkitaka, liandikwe waziwazi kwamba mwenye nganda hatozwi faini. Faini iende kwa mwenye jina lililo ukutani. Sikuwa nimefikiria hilo kabla hujaandika. Sasa nadhani ndiyo nguzo yenyewe.

Motard 243 (Kampemba)

Sheria tuko nazo mingi. Askari atakula feza kidogo, bango litabakia. Njo kusema tunapoteza wakati.

Fundi Burashi

Ndugu, askari anaweza kula pesa ya jambo lililofichwa. Bango haliwezi kufichwa. Likifichwa si bango tena. Yeyote mwenye simu anapiga picha, inaonyesha jina la kampuni, barabara na geti la shule. Na viwanda vikubwa vya bia nchini vinahesabika kwa vidole, vina ofisi, vinalipa kodi, anwani zao zinajulikana. Humkimbizi mtu gizani.

Mpanga Tamasha (Lubumbashi)

Naomba nisikilizwe pia, maana kwenye uzi huu watu kama mimi tutaonekana wabaya. Tamasha moja la uwanjani linataka jukwaa, sauti, jenereta, ulinzi, hoteli za wanamuziki kutoka Kinshasa. Tiketi hazilipi hata nusu. Nani anakuja na pesa? Simu na bia. Muziki wetu umebebwa na bia kwa miaka mingi. Mwimbaji analitaja jina la mdhamini katikati ya wimbo kama anavyolitaja la mheshimiwa. Ukiikata bia leo, vijana 40 ninaowapa kazi siku ya tamasha watakula nini? Nauliza kwa nia njema. Nina watoto wawili na sipendi wajue majina ya bia.

Muuguzi wa Zamu

Swali zuri, na lina jibu lililojaribiwa. Jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1987 lilitunga sheria ya tumbaku, likatumia sehemu ya ushuru wa tumbaku kuunda mfuko uitwao VicHealth. Mfuko ule ukachukua nafasi ya sigara kwenye jezi na matamasha. Thailand mwaka 2001 wakaunda ThaiHealth kwa kuongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku. Pesa inaendelea kutoka kwenye chupa, lakini inafika jukwaani bila jina la chupa.

Mpanga Tamasha

Kama pesa hiyo itafika kweli kwa wanamuziki bila kupotea njiani, mimi nasaini. Hilo "bila kupotea njiani" liandikwe kwanza.

Mwanasheria Mtarajiwa

Nimeanza rasimu ya ombi, ukurasa mmoja na nusu. Nimeweka: kuta zinazotazama shule, makanisa na hospitali, saa za redio na televisheni, jezi za watoto, rangi na alama, si jina tu, vichupa vidogo na lebo zake, faini kwa mwenye jina, si kwa mwenye nganda, mfuko wa michezo na muziki wenye hesabu za wazi. Fundi, mwalimu anaweza kutuazima zile karatasi za watoto? Tufunike majina, tuziambatanishe. Mbunge anaweza kubishana na takwimu. Sijui atabishana vipi na mtoto wa miaka 8.

Fundi Burashi

Nimetoka kwa mwalimu sasa hivi. Amekubali, kwa sharti wazazi waulizwe kwanza mmoja mmoja. Ameshaanza na mke wangu.

Mama Nganda

Fundi, nimesoma mpaka mwisho. Mutoto wa jirani yangu iko anapita pa ukuta yangu kila siku ya Mungu, anaenda ku katekisimu. Leo nilimuuliza: unaona nini pale? Akasoma yote. Hata ile maneno midogo ya chini alisoma.

Ule wa kampuni alipita mara ya mwisho miaka mbili imepita, na viti yenyewe ilishavunjika, imebakia tatu. Kuya Jumamosi ufute. Andika tu: bukari, samaki, kuku, pombe baridi. Na jina yangu. Frigo nitaigeuza iangalie ndani.

Na ile barua, weka na jina yangu pale chini.

Fundi Burashi

Mama, nakuja Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapiga ukuta.

Naomba Ijumaa jioni usimwage maji upande ule, ukuta ulale mkavu. Nyekundu ya bia ni rangi ya mafuta, ukiipaka nyeupe moja kwa moja inapenya. Baada ya wiki chupa inarudi ya waridi, na mtoto anaisoma tena. Nitakwangua kwanza, niioshe kwa sabuni, nipake tabaka moja la rangi ya fedha kuizuia, ndipo nyeupe mara mbili. Maandishi yako nitarudi kuyaandika Jumapili baada ya misa, kwa buluu. Rangi ninayo. Unitafutie ngazi tu, yangu imevunjika kipandio cha tatu.